Wasomaji Wauliza: Mpanda Farasi wa Windhoek na Hesabu za Bamba Lake

Toleo lililopita tulichapa picha ya sanamu ya askari wa Kijerumani aliyepanda farasi, bunduki mkononi, mjini Windhoek, Namibia. Chini yake tuliandika mstari mmoja tu, kwamba ni mnara wa kumbukumbu ya vita uliojengwa na walowezi. Barua zilizofuata zimejaza dawati. Tumechagua sita, na zilizouliza jambo moja tumeziunganisha.

SWALI: Salaam wahariri. Huyo aliye juu ya farasi ni nani hasa? Ni gavana, jemadari, au mtu wa kubuni tu? Na nani alilipa gharama?
*Mwalimu wa historia, Songea*

Salaam mwalimu. Hana jina. Ni askari wa kawaida wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, na Wajerumani wenyewe waliuita mnara huo Reiterdenkmal, yaani mnara wa mpanda farasi. Hapo tayari kuna tofauti na kwetu. Schutztruppe ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ilikuwa na askari wengi Waafrika chini ya maofisa Wazungu, wakitembea kwa miguu. Ile ya Afrika Kusini Magharibi, Namibia ya leo, ilikuwa ya Wazungu kwa sehemu kubwa, na walipanda farasi kwa sababu nchi ni kavu na visima viko mbalimbali. Ndiyo maana cheo cha chini kabisa katika jeshi lile kiliitwa "mpanda farasi", na ndiye aliyechongwa.

Wazo lilitoka kwa Ludwig von Estorff, ofisa aliyepigana katika vita vinavyokumbukwa na mnara huo, vita vya Wajerumani dhidi ya Waherero na Wanama, wenyeji wa nchi hiyo. Fedha zilichangishwa. Mchongaji alikuwa Adolf Kürle wa Berlin, na sanamu ya bronzi ilisubuliwa huko huko Ujerumani kisha ikaletwa kwa meli. Ina urefu wa mita 4.5, na kitako chake cha mawe kilikuwa na mita 5 hivi, kilichopangwa kwa vipande vipatavyo 180 vya mwamba kutoka Okahandja. Ilizinduliwa tarehe 27 Januari 1912, siku ya kuzaliwa kwa Kaisari Wilhelm wa Pili.

Jumuiya iliyousimamisha ilikuwa ndogo. Mwaka 1913, mwaka mmoja baada ya uzinduzi, Wazungu wote wa koloni lile walikuwa karibu 15,000, wametawanyika katika nchi iliyo kubwa kuliko Ujerumani yenyewe. Watu wachache namna hiyo hawajengi mnara wa karibu mita kumi kwa ajili ya kulia tu. Waliujenga pia kusema kwamba ardhi sasa ni yao. Angalia na mahali walipouweka: juu ya kilima, karibu na ngome ya Alte Feste na kanisa la Christuskirche, katika eneo ambalo miaka michache kabla lilikuwa na kambi ya wafungwa wa Kiherero. Kambi ilikwisha, mnara ukapanda.

SWALI: Nimejaribu kusoma bamba la mnara huo kwenye picha za mtandaoni, naona tarakimu tupu. Mbona hakuna majina? Na mbona linasema 1903 wakati vitabu vyetu vinasema Waherero waliinuka 1904?
*Mwanafunzi wa chuo kikuu, Nairobi*

Umeona vizuri. Bamba la aina hii lisomwe kama daftari la mhasibu: kwanza tarehe, kisha safu, kisha uulize ni safu gani haikuandikwa.

Tarehe. Bamba linataja vita vya 1903 hadi 1907 na msafara wa Kalahari wa 1908. Mwaka 1903 umeingia kwa sababu Wabondelswarts, ukoo wa Kinama wa kusini, waliinuka Oktoba mwaka huo, na askari wengi wa Kijerumani walipopelekwa kusini ndipo Waherero wakapata nafasi. Waherero walianza Okahandja tarehe 12 Januari 1904. Mwaka 1907 umewekwa kwa sababu serikali ya Kijerumani ilitangaza kwisha kwa vita tarehe 31 Machi mwaka huo. Ule wa 1908 ni msafara dhidi ya Simon Kooper, kiongozi wa Kinama aliyekimbilia jangwani na watu wake. Machi 1908 wakashambuliwa huko, na kamanda wa Kijerumani, Friedrich von Erckert, akauawa katika mapigano hayo.

Sasa safu. Upande wa Schutztruppe: maofisa 100, masajini na makoplo 254, wapanda farasi 1,180. Upande wa jeshi la majini: maofisa 7, masajini na makoplo 13, askari 72. Kisha raia: wanaume 119, wanawake 4, mtoto 1. Ukijumlisha unapata wanajeshi 1,626 na raia 124, jumla 1,750. Bamba lenyewe linakiri kwamba ndani ya hesabu hiyo wamo waliopotea, waliopata ajali na waliokufa kwa maradhi. Ugonjwa uliua askari wengi sana katika vita vile, taifodi ikiongoza, kwa sababu ya maji machafu ya visimani.

Rudi kwenye safu ya raia, maana ndiyo inayosema mengi kuliko waandishi wake walivyokusudia. Magazeti ya kikoloni ya wakati ule yalijaa habari za Waherero kuchinja wanawake na watoto. Mnara wa walowezi wenyewe umeandika wanawake wanne na mtoto mmoja kati ya watu 124. Hiyo inakubaliana na kumbukumbu kwamba Samuel Maharero, mkuu wa Waherero, aliwaagiza wapiganaji wake wasiwaguse wanawake, watoto na wamisionari. Shahidi huyo hakutafutwa na Waherero. Yuko kwenye shaba ya adui.

Majina nayo yapo, ila si nje. Yameandikwa kwenye mabamba ndani ya Christuskirche, kanisa la Kilutheri lililowekwa wakfu mwaka 1910, hatua chache kutoka hapo. Basi walowezi waligawa kazi: kanisani majina kwa ajili ya ndugu, barabarani tarakimu kwa ajili ya kila apitaye.

Safu isiyokuwapo ni ile ya Waherero na Wanama. Baada ya mapigano ya Ohamakari, karibu na mlima Waterberg, tarehe 11 Agosti 1904, Waherero walisukumwa kwenye jangwa la Omaheke na visima vikalindwa kwa bunduki. Tarehe 2 Oktoba 1904 Jenerali Lothar von Trotha alitoa amri kwamba kila Mherero atakayeonekana ndani ya mipaka apigwe risasi. Berlin iliifuta amri hiyo Desemba, kisha zikafuata kambi za wafungwa Windhoek, Okahandja, Karibib, Swakopmund na kisiwa cha Shark Island huko Lüderitz. Makadirio yanayotajwa zaidi ni Waherero 65,000 waliokufa kati ya 80,000, na Wanama 10,000 kati ya 20,000. Ni makadirio, kwa sababu hakuna aliyewahesabu walipokuwa hai. Mwezi Mei 2021 serikali ya Ujerumani ilikubali kuyaita mauaji ya kimbari na kuahidi euro bilioni 1.1 kwa miaka 30, ahadi ambayo viongozi wengi wa jadi wa Waherero na Wanama waliipinga kwa kuwa hawakuketi mezani.

SWALI: Babu yangu alikuwa akisimulia sanamu ya "Bwana Wissmann" iliyokuwa Dar es Salaam enzi za Mjerumani. Je, ina uhusiano na hii ya Windhoek? Na kwa nini yetu iliondolewa mapema hivyo, wakati ya Namibia ilisimama miaka mia?
*Msomaji, Ilala, Dar es Salaam*

Uhusiano upo, tena wa karibu: mkono uliochonga ni mmoja. Adolf Kürle ndiye aliyetengeneza na sanamu ya Hermann von Wissmann, iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1909. Wissmann, aliyeongoza vita dhidi ya Abushiri pwani mwaka 1889 na baadaye akawa gavana, alisimama juu, na chini yake askari Mwafrika akimtazama kwa kuinua kichwa, pamoja na simba aliyekufa. Miaka mitatu baadaye Kürle huyo huyo akawa na kazi ya Windhoek, safari hii bila Mwafrika hata mmoja kwenye kitako.

Tofauti ya maisha ya sanamu hizi mbili inatokana na nani alibaki nchini baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliiteka Dar es Salaam Septemba 1916. Walowezi wa Kijerumani walifukuzwa Tanganyika, na hawakuruhusiwa kurudi hadi mwaka 1925. Sanamu isiyo na wenyewe haina mtetezi, kwa hiyo Wissmann akapakiwa melini kama nyara na kufika Uingereza, kisha akarejeshwa Ujerumani. Mwaka 1922 alisimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Wanafunzi wa huko walimwangusha 1967, akainuliwa, wakamwangusha tena 1968, na hapo uongozi ukachoka ukampeleka ghalani.

Namibia mambo yalikwenda kwingine. Jeshi la Afrika Kusini lilipokea silaha za Wajerumani huko Khorab tarehe 9 Julai 1915. Karibu nusu ya Wajerumani walirudishwa kwao baada ya vita, lakini nusu nyingine walibaki na mashamba yao. Watawala wapya nao walikuwa Wazungu waliotaka nchi ya Wazungu, na hawakuwa na haja ya kugombana na majirani zao kwa sababu ya farasi. Mwaka 1969, chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi, mnara ukatangazwa rasmi kuwa urithi wa kitaifa. Hata uhuru wa 1990 ulipita ukauacha.

Dar es Salaam, Waingereza walisimamisha yao mwaka 1927: Sanamu ya Askari, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, yenye maandishi ya Kiingereza na Kiswahili, kwa herufi za Kilatini na za Kiarabu. Nairobi na Mombasa nazo zikapata za kwao kutoka kwa mchongaji huyo. Wapagazi wanatajwa humo kuwa mikono na miguu ya jeshi, maneno mazuri, lakini jina halimo hata moja. Si kwa bahati mbaya. Mwaka 2021 tume ya Uingereza inayosimamia makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika wa mashariki na Wamisri, huenda hawakuandikwa popote kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Basi mwenzetu wa Nairobi aliyeuliza kuhusu tarakimu tupu asimlaumu Mjerumani peke yake.

SWALI: Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Nasikia mnara huo ulihamishwa na kusimamishwa tena. Sanamu ya mita nne na nusu yenye kitako cha mawe inahamishwaje bila kuvunjika?
*Fundi, Changamwe, Mombasa*

Ulibomolewa mara mbili. Mwaka 2009 ulitolewa mahali pake pa asili ili kupisha ujenzi wa Makumbusho ya Uhuru. Novemba 2010 ulisimama tena mita chache kutoka hapo, mbele ya Alte Feste. Mwishoni mwa 2013 serikali iliufuta kwenye orodha ya urithi wa kitaifa, na tarehe 25 Desemba, siku ya Krismasi, sanamu ikashushwa na kuwekwa ndani ya ua wa ngome hiyo. Kabla ya hapo ulikwisha kuwa uwanja wa mabishano: Julai 2008 misalaba ya mbao 51 ilipandwa kuuzunguka usiku, na Oktoba mwaka huo mtu akachomeka bendera ya Namibia kwenye mtutu wa bunduki ya mpanda farasi.

Kuhusu ufundi, kazi ya kuhamisha mnara wa namna hii hufuata utaratibu ulio sawa karibu kila mahali. Kwanza mnara hupigwa picha pande zote, kukiwa na rula ndani ya kila picha, na kila jiwe hupewa namba kwenye mchoro. Namba juu ya jiwe lenyewe huandikwa kwa chaki ya mafuta, upande usioonekana. Ukiandika kwa rangi ya kupulizia usoni, utaisugua miaka kumi. Kwa mawe 180, namba zianzie juu kwenda chini kwa tabaka (tabaka A jiwe la 1, la 2, na kuendelea), kwa sababu mjenzi atakaporudisha ataanzia tabaka la mwisho, na asiye na herufi za tabaka atachanganya kona.

Kisha unatafuta sanamu imeshikwa na nini. Sanamu za enzi ile huwa na fito za chuma zinazotoka miguuni kuingia kwenye jiwe, zikazibwa kwa risasi iliyoyeyushwa au kwa saruji. Fito hizo ndizo adui. Chuma kikipata kutu huvimba, na nguvu yake inatosha kupasua jiwe la itale. Wewe fundi unajua pia kwamba shaba na chuma vikigusana penye maji, chuma huliwa haraka zaidi. Ndiyo maana wakati wa kurudisha, fito huwekwa za chuma kisichoshika kutu.

Kunyanyua ndiko kwenye hatari. Sanamu ya farasi ni tupu ndani, ukuta wake wa bronzi una unene wa milimita chache tu, na uzito mwingi uko juu huku ukibebwa na miguu minne myembamba. Mikanda mipana ya kitambaa hupitishwa tumboni, mmoja nyuma ya miguu ya mbele na mwingine mbele ya miguu ya nyuma, na kuwekewa godoro. Haifungwi shingoni, mguuni wala kwenye bunduki. Kreni hunyanyua sentimita mbili kwanza na kusimama, watu waangalie kama kuna mguu ambao bado umeshikwa chini. Wengi huvunja kwato hapa, kwa haraka. Sanamu hailazwi ubavu. Husafirishwa wima ndani ya fremu ya chuma. Na kabla ya kuirudisha, angalia tundu la kutolea maji chini ya tumbo. Likiziba, maji ya mvua hujaa ndani, chuma cha kuimarisha huoza, na nje utaona michirizi ya kahawia ambayo hutajua inatoka wapi.

SWALI: Nilisoma kwamba huko Swakopmund kuna mnara mwingine wa Wajerumani unaomwagiwa rangi nyekundu mara kwa mara. Sisi Tanga tuna makaburi ya vita karibu na bahari na mabamba yanageuka kijani. Rangi na ukijani huo vinatolewaje?
*Mhudumu wa makaburi, Tanga*

Mnara huo ni Marinedenkmal, wa mwaka 1908, kazi ya mchongaji A. M. Wolff wa Berlin, kwa kumbukumbu ya askari wa majini waliopelekwa kupigana na Waherero. Askari mmoja amesimama juu ya miamba, mwenzake anakufa miguuni pake. Kweli umemwagiwa rangi nyekundu, na wanaofanya hivyo wanasema ni damu isiyotajwa hapo. Nje ya mji, kando ya makaburi ya walowezi yenye misalaba na bustani, kuna vilima vidogo vya mchanga visivyo na jina, vingi sana. Humo wamezikwa Waherero waliokufa kambini. Mwaka 2007 hatimaye waliwekewa jiwe la kumbukumbu. Mji mmoja, kifo cha vita kimoja, na safari ya kutoka kaburi lenye jina hadi lisilo na jina ni ya dakika chache kwa miguu.

Sasa kazi yako. Kijani cha bronzi kipo cha aina mbili. Kile kilicho sawasawa, kigumu, kilichoshika kama ngozi, kiache, kinalinda. Kile chenye vidoa vya kijani mpauko, vya unga unga, vinavyorudi ukivifuta, ni chumvi ya bahari inayokula shaba kutoka ndani. Hicho kinahitaji mtaalamu wa uhifadhi, kwa hiyo piga picha, andika tarehe, toa taarifa kwa wanaohusika na makaburi.

Usafi wa kawaida unaweza kuufanya mwenyewe. Maji safi ndoo ya lita 10, sabuni laini ya maji isiyo na harufu wala bleachi, kifuniko kimoja tu. Osha kwa brashi laini ya nywele kutoka chini kwenda juu, ili maji machafu yasiache michirizi pakavu. Suuza kuanzia juu mpaka povu liishe, kausha kwa kitambaa cha pamba, kisha pakaa nta nyembamba isiyo na rangi na uisugue ing'ae. Bara inatosha mara moja kwa mwaka. Pwani fanya mara mbili, moja baada ya masika. Brashi ya waya, msasa, maji ya limao, asidi na dawa za kung'arishia vyombo vya shaba viache nyumbani. Bamba litang'aa wiki moja, na herufi zitakuwa zimepungua kina.

Rangi iliyomwagwa ni suala la saa. Ikiwa bado mbichi, inyonywe kwa vitambaa kwa kugusa bila kusugua. Ikikauka, jaribu kwanza kipande cha ukubwa wa kiganja mahali pa siri. Juu ya jiwe, mafundi hutumia kiyeyusho kilichochanganywa na unga wa udongo mweupe mpaka kiwe uji mzito, hupakwa, hufunikwa plastiki kisikauke upesi, kisha hubanduliwa pamoja na rangi. Hurudiwa mara kadhaa. Kosa la kawaida ni kuleta mashine ya maji ya presha. Rangi ya juu huondoka, iliyobaki husukumwa ndani ya vinyweleo vya jiwe, na waridi hafifu hubaki hapo daima.

SWALI: Sisi ni kamati ya kata. Tunataka kuwakumbuka wazee wetu waliokufa Vita vya Majimaji. Bajeti ni ndogo. Hao walowezi wachache waliwezaje, na sisi tuanzie wapi ili mnara wetu usipasuke baada ya miaka miwili?
*Katibu wa kamati, Mkoa wa Lindi*

Walowezi walikuwa na dola nyuma yao, jambo ambalo ninyi hamna. Lakini mna kitu ambacho wao hawakukiweka nje: majina. Anzeni hapo, kabla ya saruji.

Kaeni na wazee ukoo kwa ukoo, andikeni jina, jina la baba, kijiji na namna alivyokufa. Kila jina lithibitishwe na watu wawili wasio wa nyumba moja. Orodha ya muda ibandikwe ofisi ya kata na misikitini na makanisani kwa mwezi mzima ili makosa ya tahajia yajitokeze kwenye karatasi, maana kwenye jiwe marekebisho ni ghali. Wekeni na waliokufa kwa njaa. Wajerumani walichoma mashamba na maghala kusini, na njaa ile iliua wengi kuliko risasi. Mkiandika wapiganaji tu mtakuwa mmefuata daftari la Windhoek. Makadirio ya vifo vyote vya Majimaji huanzia 75,000 hadi 300,000, kwa hiyo hamtawapata wote. Acheni nafasi tupu chini ya orodha, angalau sehemu moja ya kumi. Nendeni pia Songea mkaone jinsi Makumbusho ya Majimaji yalivyowakumbuka mashujaa wa Kingoni walionyongwa mwanzoni mwa 1906.

Kama eneo lina makaburi, msichimbe. Waandikieni kwanza Idara ya Mambo ya Kale kupitia kwa afisa utamaduni wa wilaya.

Ujenzi wenyewe: chimbeni hadi udongo mgumu, si chini ya sentimita 60. Kama ni udongo mweusi unaopasuka kiangazi, utoeni wote mjaze kifusi cha changarawe kilichoshindiliwa kwa tabaka za sentimita 15, kwa sababu udongo ule huvimba masika na ndio unaoinamisha minara mingi. Zege iwe saruji ndoo 1, mchanga 2, kokoto 4. Nondo zifunikwe na zege ya sentimita 5 kila upande. Pwani fundi akiziacha karibu na uso, kutu itazipasua nje. Mwagilieni siku 7. Sehemu ya juu iwe na mteremko ili maji yasitulie.

Majina yachongwe kwenye jiwe jeusi la itale lenye unene wa sentimita 3, herufi za kukatwa kwa umbo la V. Herufi za kubandika huanguka, rangi hupauka, na mabamba ya shaba huibwa yakauzwa chuma chakavu. Herufi ya urefu wa sentimita 2.5 husomeka vizuri mtu akisimama mita tatu. Ukiacha nafasi kati ya mistari, jiwe la mita moja kwenda juu hubeba mistari 25, na kwa safu mbili ni majina 50. Lishikwe kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu pamoja na gundi ya mawe, liachiwe mwanya wa milimita 3 pembeni, kwa sababu jiwe jeusi hupata joto kali mchana na hutanuka. Likibanwa na plasta pande zote, litapasuka pembeni.

Gharama kubwa itakuwa kuchonga, na wachongaji hutoza kwa herufi. Kwa hiyo hotuba, majina ya viongozi na jina la mgeni rasmi atakayefungua viandikwe kwenye karatasi ya sherehe, fedha ya herufi ibaki kwa wazee.